Wale Maboi wa Shati Nyeupe na Tai Huku Moiben: Nani Anawalipa, Wanaishi Aje na Wanataka Nini Kwako

Kama unakaa Kimumu, ulisomea pale Chepkoilel ama uko na shosho Moiben senta, hawa wasee umewaona. Wawili wawili kila saa. Shati nyeupe, tai, suruali nyeusi imepakwa matope mpaka magotini, begi mgongoni na beji nyeusi kifuani. Mmoja anaweza kuwa mzungu wa Utah ama Idaho, mwenzake akawa Mganda, Mghana ama Mzimbabwe. Ukiwarushia "niaje buda" wanakurudishia "hujambo rafiki" ya kwenye kitabu, mpaka unawaonea huruma.

Mtaani majibu yako tayari. Ni CIA. Ni Illuminati. Wako na doo za kugawa. Wanatafuta vijana wa kupeleka majuu. Kaa kwa mat ya kutoka 64 kuelekea Moiben na utasikia zote nne kabla ifike Sergoit. Ukweli ni mdogo kuliko hizo stori, na mimi naona unashangaza zaidi: huyo msee ni rika yako, halipwi hata shilingi, na amekuja na kitu kimoja tu cha kukupa, yaani somo. Lakini ukilikubali, atakachokuitisha baadaye si kidogo. Ndio maana inafaa umjue kabla hujafungua gate.

Tuanze na jina. Watu huwaita Wamormoni juu ya kitabu chao, Kitabu cha Mormoni, ambacho kimetafsiriwa chote kwa Kiswahili tangu mwaka 2000. Wenyewe siku hizi hawapendi hilo jina. Mwaka 2018 rais wa kanisa lao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliambia kila mtu aache njia ya mkato na atumie jina lote: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Jina refu kama foleni ya Huduma Centre, lakini ndilo limeandikwa kwa beji. Kanisa lilianzishwa na Joseph Smith huko New York mwaka 1830, makao makuu yako Salt Lake City, Utah, na hapa Kenya lilisajiliwa Februari 1991. Kwa hivyo si kitu kimeingia jana na basi ya usiku.

Kwa hiyo beji pia kuna jina la ukoo, na mbele yake neno Elder. Kwa Kiswahili cha kanisa lao, Elder ni "Mzee". Sasa fikiria hiyo stori vile inaenda ocha. Moiben mzee ni mtu wa shamba la ngano, ng'ombe, fimbo, wajukuu na kiti chake mwenyewe kwa baraza. Halafu anaingia mtoi wa miaka 19 mwenye ndevu saba, anajitambulisha kama Mzee fulani. Mzee mwenyewe wa boma anamuangalia juu mpaka chini, anacheka na koo, anasema karibu. Hiyo kicheko imefungulia hawa maboi milango mingi kuliko mahubiri. Wasichana nao huitwa Dada, na hapo hakuna shida.

Nani anawalipa?

Hakuna. Wanajilipia. Mishenari wa Marekani yeye ama familia yake hutoa dola 500 kila mwezi, hiyo ni kama elfu sitini na kitu za Kenya, kwa muda wote atakaokuwa nje. Kiwango kilikuwa 400 mpaka katikati ya 2020. Hiyo pesa huingia kwa kapu moja, ndio yule ametumwa Tokyo asiumie kuliko yule ametumwa Eldoret. Nchi zingine zina viwango vyake, na mahali familia haiwezi, waumini wengine husaidia. Kutoka kwa hilo kapu mishenari hurudishiwa kitu kidogo cha chakula na nauli. Wengi huanza kuweka akiba wakiwa watoto, wanakata nyasi za majirani na kufanya kazi kwa hoteli za baga.

Maboi hutumika miaka miwili, mamanzi miezi 18. Umri wa kuanza kwa maboi ni 18 tangu Oktoba 2012, kabla ya hapo ilikuwa 19. Madada walikuwa wanaanza wakiwa 21, ikashuka ikawa 19, na mwishoni mwa 2025 ikashushwa mpaka 18. Na hawachagui mahali. Unajaza fomu, unapimwa meno na damu, unangoja barua. Barua ikisema Kenya, basi ni Kenya. Kuna wenzake wamepata Paris na Hawaii. Yeye amepata Moiben mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, na hajawahi kuona matope yenye yanavua mtu kiatu.

Usidhani pia ni wazungu tu. Wakenya nao hupokea hiyo barua na kutumwa nchi zingine za Afrika na hata mbali zaidi. Kijana wa Nairobi ambaye ametumwa Kumasi yuko ugenini vilevile: haelewi lugha, haelewi pilipili, na hajui kama atarudi akikuta manzi wake bado anamngoja. Kawaida hamkuti, na hawa wenyewe huchekea hiyo stori.

Siku yao inaendaje

Saa kumi na mbili unusu asubuhi wanaamka. Wanapiga zoezi kidogo. Hapa kuna aibu fulani, juu barabara ya kwenda Iten saa hiyo imejaa watu wanaokimbia marathoni kama kazi ya ofisi, na wewe uko na pushapu zako ishirini. Ingawa kanisa lao liko na watu wao kwa hiyo laini. Conner Mantz, yule Mmarekani aliyemaliza wa nane kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024 na kuvunja rekodi ya Marekani pale Chicago 2025 kwa saa 2:04:43, alikuwa mishenari Ghana akiwa kijana.

Baada ya zoezi ni kuoga, maji yakiwepo, halafu kusoma. Anasoma peke yake, kisha na mwenzake. Kama lugha inamsumbua anaongeza muda wa Kiswahili. Halafu wanatoka na kutembea mchana wote, boma hadi boma, mpaka jioni. Saa nne na nusu usiku taa inazimwa. Kesho hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Sasa sheria ndizo zitakuuma. Hakuna manzi. Si ati "tunaongea tu", hakuna kabisa, na mwanamke anasalimiwa kwa mkono tu, hakumbatiwi. Hakuna muvi, hakuna Netflix, hakuna gengetone wala amapiano. Simu anayo, lakini imefungwa, ina programu za kazi tu. Na hawezi kuwa peke yake. Yule mwenzake wako naye saa ishirini na nne, chumba kimoja, vitanda viwili, na hakumchagua. Kama mwenzake anakoroma, anakoroma naye. Kama ni mtu wa hasira, anaishi na hizo hasira. Wengi waliomaliza husema jambo gumu zaidi halikuwa njaa wala kukataliwa, ni kuishi na binadamu mmoja hivyo bila mahali pa kutorokea.

Kupigia mathe simu nako kulikuwa noma. Kwa miaka mingi waliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Wiki zingine zote ni barua na imeili. Februari 2019 sheria ikalegezwa, sasa wanaweza kupiga nyumbani kila wiki siku yao ya maandalizi, kawaida Jumatatu. Hiyo Jumatatu ndiyo ya kufua, kununua sukuma wiki, kunyoa, kupiga mpira na kuongea na watu wa kwao. Jioni wanavaa tai tena.

Ukitaka kuelewa haya maisha kwa macho ya huku kwetu, usifikirie mtalii. Fikiria menjo. Kijana wa Kikalenjin anayepitia tohara anatengwa na nyumbani, hakutani na wanawake, anafundishwa na waliomtangulia, anakatazwa vitu, halafu anarudi akihesabiwa mwanaume. Wazee wa Moiben wanaelewa hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba menjo ni wiki kadhaa na uko na marika wako mnaimba. Huyu anakaa miaka miwili kati ya watu wenye hawajui jina lake la kwanza.

Tatizo la chai

Hapa ndio kazi ya kufundisha inaanzia, na ndio huenda mrama kwanza. Imani yao iko na sheria inaitwa Neno la Hekima, ya mwaka 1833. Hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna kahawa. Na hakuna majani ya chai.

Umeelewa hiyo? Kenya ndiyo inauza chai nyeusi nyingi nje kuliko nchi yoyote duniani. Nandi Hills iko hapo tu. Na boma la Moiben mgeni hajafika mpaka kikombe kifike. Kwa hivyo inakuwa hivi:

"Chamgei! Karibuni, kaeni. Mama watoto, leta chai."

"Asante sana Mzee, lakini sisi hatunywi chai."

"Mko wagonjwa?"

"Hapana Mzee, tuko sawa."

"Basi ni yangu ndio hamtaki."

Hapo kimya kinaingia chenye hakuna darasa la Utah lilikifundisha. Kukataa chai ya mtu ni kumkataa mwenyewe, na mishenari mgeni hajui hivyo mpaka aone sura ya mama ikibadilika. Wale wamekaa wamejifunza. Wanawahi mapema, wanaomba maziwa. Maziwa moto yako sawa. Uji uko sawa. Mursik nayo iko sawa, na hapo ndio pazuri, kwa sababu mzungu anayeshika kikombe cha mursik chenye rangi ya jivu, akameza yote bila kufunga macho, akasema "kongoi mising", huyo amesamehewa chai mpaka ya mwaka ujao. Asipoweza kumeza, angalau boma limecheka.

Jambo la pili ni lugha. Wengi wa nje huanza kufundisha kwa Kiingereza, wakisaidiwa na muumini wa hapa. Kiswahili chao huja polepole, na kikija ni kile sanifu cha vitabuni. Lakini wewe unabonga Sheng, mathe anaongea Kiswahili cha soko na guka anaongea Kikeiyo ama Kinandi pekee. Kwa hivyo somo moja linaweza kupita midomo mitatu: mishenari anasema kwa Kiingereza, mwenzake anaweka Kiswahili, halafu mtoto wa darasa la saba anaweka Kikalenjin kwa guka. Unadhani kile guka amesikia ni kile Elder alisema? Guka anaitikia kwa kichwa dakika arobaini, kisha anauliza swali moja kuhusu bei ya mbolea.

Na misimu. Uasin Gishu inapanda mahindi mvua ikianza, Machi hivi kwenda Aprili, na kuvuna mwisho wa mwaka. Ukiweka miadi ya somo wakati wa kupanda, utapata mlango umefungwa na mbwa mmoja. Mishenari mjanja anavua tai, anaingia shambani, anabeba magunia. Kusaidia kazi ni sehemu ya wito wao. Kuna wale husema kwamba maongezi yao ya maana Moiben yalitokea wakipukuchua mahindi, si kwa kiti.

Wanafundisha nini hasa

Wako na kitabu cha mwongozo, Hubiri Injili Yangu, kilichotoka 2004 na kuandikwa upya 2023. Siku hizi hawatakiwi kukariri kama kasuku, lakini mtiririko unajulikana. Somo la kwanza: kanisa la Yesu lilipotea baada ya mitume, likarudishwa kupitia Joseph Smith. Kwamba mwaka 1820, akiwa mtoi wa miaka 14, aliomba msituni akamwona Mungu Baba na Yesu kama watu wawili tofauti. Kwamba baadaye alipewa mabamba ya dhahabu, akayatafsiri, ndio tukapata Kitabu cha Mormoni. Mwisho wa somo hawakuambii uamini. Wanakuambia soma, halafu omba, uulize Mungu mwenyewe kama ni kweli.

Kama umelelewa AIC, Katoliki ama RCEA, hapo utasimama. Utatu uko wapi? Biblia haitoshi? Ni maswali halali, na makanisa mengi ya Kikristo yanakataa kuwahesabu hawa kama wenzao kwa sababu hiyo hasa. Usione aibu kuuliza. Mtoi wa miaka 19 hataweza kujibu yote, na wakati mwingine anakuambia tu kile anaamini yeye.

Somo lenye hushika watu huku, naona mimi, ni lile la familia. Wanafundisha kwamba ndoa na familia zinaweza kuunganishwa milele, hata kifo kikipita, na kwamba aliyekufa bila kubatizwa anaweza kubatizwa na jamaa yake aliye hai kwa niaba yake, ndani ya hekalu. Mahali pengine duniani watu husikia hiyo wakashtuka. Lakini Wakalenjin wamekuwa wakiita majina ya wahenga juu ya mtoto mchanga mpaka apige chafya, ndio wajue ni nani amerudi. Ukimwambia shosho kwamba waliokufa bado ni wa familia, humwambii jambo jipya. Ni wewe ndio umechelewa.

Hekalu si kanisa la kila Jumapili. Zamani muumini wa Kenya alilazimika kusafiri mpaka Johannesburg kufanya hizo sherehe, na hesabu nauli ya watu sita. La Nairobi lilitangazwa 2017 na likawekwa wakfu Mei 2025, pale Mountain View, Waiyaki Way. Jengo jeupe, umelipita na mat bila kujua.

Ibada yenyewe ya Jumapili itakushangaza kwa utulivu. Masaa mawili. Hakuna ngoma, hakuna kesha, hakuna mtu anaangushwa, hakuna kapu la sadaka linapitishwa. Mkate na maji badala ya divai. Hakuna pasta wa mshahara pia: askofu wa pale anaweza kuwa mwalimu ama fundi wa stima ambaye Jumatatu anarudi kazini. Kama umezoea kuhubiriwa na mtu wa V8, utafikiri umekosea mlango.

Maswali yenye unafaa kuwauliza

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa Shakahola kule Kilifi mpaka ikapita 400, Mkenya yeyote ana haki ya kuuliza kanisa geni maswali magumu. Mathe akikukataza kuenda somo mpaka ajue hao ni nani, ako sawa. Na hawa maboi wamefunzwa kutojificha: wako na beji, wako na jengo, wako na viongozi wa hapa unaoweza kuwapigia. Mkaribishe mathe akae kwa somo.

Uliza kuhusu watu weusi. Kuanzia enzi za Brigham Young, aliyelitangaza mwaka 1852, mpaka Juni 1978, mwanaume mweusi hakuruhusiwa kupata ukuhani katika hili kanisa, na familia nyeusi hazikuruhusiwa kwa zile sherehe kubwa za hekalu. Mwaka 2013 kanisa liliandika wazi kwamba linakataa zile nadharia za zamani za kuhalalisha hiyo, kama ile ya ati ngozi nyeusi ni laana. Mishenari wako hakuwa amezaliwa, na labda hata babake alikuwa mtoto. Lakini msikilize anavyojibu. Ukiona anakwepa, utajua. Ukiona anakaa na hilo swali, anakubali kwamba linauma, utajua pia. Na ukiwa pale jua kwamba Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia kwa uongozi wa juu wa hilo kanisa, mwaka 2009, ni Joseph Sitati, Mkenya wa Bungoma.

Uliza kuhusu doo. Ubatizo ni bure, na mtu akikuitisha pesa ya fomu huyo si mishenari. Lakini muumini hufundishwa kutoa fungu la kumi la mapato yake, na bila hiyo haingii hekalu. Kama unaendesha boda na unabakisha mia tano kwa siku, piga hesabu mapema.

Uliza kuhusu mke wako. Hii ndiyo hunasa wengi. Huwezi kubatizwa ukiishi kam-wii-stei. Ama muoane rasmi, ama muachane. Sasa mko na watoto wawili, koito haijafanyika, wazee wa upande wa msichana bado wanataka ng'ombe, na Elder wa miaka 19, ambaye hajawahi hata kushikana mkono na dem, anawaelezea umuhimu wa ndoa. Ni kuchekesha mpaka iwe ni wewe. Kuna wapenzi ambao hiyo ndiyo iliwasukuma kuenda kuchukua cheti, na wengine iliwavunja.

Na kama guka ako na wake wawili, mlango umefungwa kabisa. Ndiyo, hawa ndio wale wenye historia ya wake wengi. Waliacha rasmi mwaka 1890, kwa tangazo la rais wao Wilford Woodruff, na leo ukioa wa pili unafukuzwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua mitala ya kimila, lakini kanisa hilo halimbatizi mtu wa mitala hata nchi yake ikiruhusu. Mzungu wa Utah, ambaye babu wa babu yake huenda alikuwa na wake watano, anamwambia mzee wa Moiben kwamba wawili ni wengi. Mzee akiijua hiyo historia, hapo ndio somo huwa tamu.

Na zile ndoto za majuu?

Tuongee ukweli. Vijana kadhaa hufungua gate juu ya ile ngozi nyeupe. Wanadhani kuna sponsa, kuna visa, kuna barua ya mwaliko. Hakuna. Mishenari haruhusiwi kukopesha pesa wala kukopa. Hawezi kukuandikia mwaliko. Kanisa liko na programu ya masomo ya mtandaoni, BYU-Pathway, yenye unaweza kuiangalia, lakini hiyo ni masomo na ada yake, si tiketi ya ndege. Na ukibatizwa kwa sababu ya visa, utakuwa umeacha chai bure.

Wao pia wana picha mbaya ya huku. Kuna tamthilia ya muziki ya Broadway, The Book of Mormon, iliyoanza 2011 na kubeba tuzo tisa za Tony. Inachekesha kuhusu mishenari wawili wanaotumwa Uganda, na Uganda yenyewe imechorwa kama shimo la vita na magonjwa. Kanisa badala ya kushtaki lilinunua matangazo kwa kijitabu cha maonyesho, likaambia watazamaji wasome kitabu chenyewe. Mbinu safi. Lakini Waganda waliotumika kama kiti cha kuchekea hawakununuliwa tangazo. Boi anayetoka kwa jamii iliyocheka hiyo tamthilia anafika Moiben akitarajia njaa, anakuta mtu mwenye trekta, ekari hamsini za ngano na binti anayesomea udaktari. Anahitaji wiki kadhaa kutulia.

Jambo moja la mwisho la kujua, ndio usije kukasirika. Kila wiki sita kuna uhamisho. Simu inakuja kutoka kwa ofisi ya misheni, na yule Elder mliyezoeana, aliyejua jina la mbwa wenu na kumaliza mursik ya shosho, anaambiwa apange begi. Anaweza kupelekwa Nairobi, anaweza kupelekwa Magharibi, na siku mbili zinatosha. Mara nyingi hapati hata wakati wa kupita kwenu kuaga. Unamwona tu mwenzake akija na sura mpya, beji nyingine, viatu bado safi, na shosho tayari anaita jikoni chai iletwe.